Homa baada ya chanjo, kidole gumba kinachowaka, vumbi la dhahabu: majibu ya maswali yenu kuhusu kinga ya mwili

Maswali ya safari hii yametoka Kondele hadi Nakuru, na karibu yote yanazunguka jambo moja: inflamesheni. Kwa asiyelizoea neno hili, ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Ikienea mwili mzima huja na homa, baridi na uchovu. Wengi wenu mmeandika kana kwamba ni ugonjwa. Mimi naiona ni kazi ambayo mwili huianzisha wenyewe, na madhara huja kazi hiyo inapochelewa kuanza au inapokataa kukoma.

Mwalimu, mtoto wangu ana miezi saba. Baada ya chanjo ya pili ya malaria alichemka usiku kucha, na mama mkwe anasema nimempeleka akatiwe ugonjwa. Je, chanjo ilikuwa na malaria ndani? (Mama, Kondele, Kisumu)

Hapana, mama. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay mnamo Septemba 2019 kabla ya kuifikisha katika kaunti nyingine za magharibi, haina kimelea hai wala kimelea kilichokufa. Ina kipande cha protini moja ya kimelea, kilichounganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Kipande hicho hakiwezi kugeuka malaria, kama vile mwiba wa ngege hauwezi kurudi ziwani ukaogelea.

Homa ilitoka wapi basi? Protini peke yake mwili huipuuza. Kwa hiyo watengenezaji waliongeza kiamshi kiitwacho AS01, chenye vitu viwili vikuu. Kimoja hutoka kwenye gome la mti wa Chile unaotoa povu kama sabuni. Cha pili ni mafuta yaliyotolewa kwenye ganda la bakteria wa jamii ya salmonela, yakasafishwa na kuondolewa kipande kimoja cha fosfati ili makali yake yapungue. Mafuta hayo ndiyo yanayotambuliwa na kipokezi kiitwacho Toll namba 4, kilichokaa juu ya seli za ulinzi za mtoto wako. Kipokezi kikiyagusa, seli huamini bakteria wameingia. Hutoa saitokini, yaani protini za kupelekeana habari, nazo husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo. Huko hutengenezwa prostaglandini, kemikali ya kuashiria homa, na kiwango cha joto la mwili kinapandishwa. Wakati huohuo seli hizo huichukua ile protini ya kimelea na kuipeleka kwenye tezi za kinga ili seli nyingine zijifunze. Joto ulilolipapasa usiku ule lilikuwa ishara kwamba somo limeanza.

Akipata joto na kusumbuka, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake na uendelee kumnyonyesha. Usimpe kabla ya sindano eti kuzuia homa isije. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Jamhuri ya Czech uliwakuta watoto waliopewa parasetamoli mapema wakitoa kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, chache zaidi baada ya chanjo kadhaa. Na homa ikizidi siku mbili, au mtoto akishtuka kwa degedege, au akikataa titi, usiseme ni chanjo tu. Nenda kituo cha afya apimwe malaria, kwa maana mbu wa Kisumu hawaingoji ratiba ya kliniki. Dozi zinazobaki ni za miezi 9 na miezi 24, na chandarua kiendelee. Mama mkwe umweleze kwa upole. Aliona mjukuu akiungua, na hofu yake ina haki yake.

Tunafundishwa kwamba kinga hujifunza kwa kukutana na ugonjwa. Sasa seli ambayo haijawahi kumwona bakteria humtambuaje mara ya kwanza? (Mwanafunzi, Njoro)

Kijana wangu, swali lako ndilo aliloliuliza Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1989. Wanasayansi wa kinga walikuwa na aibu moja waliyoifahamu vizuri: protini safi ukimdunga mnyama, mara nyingi kinga yake haistuki, mpaka uichanganye na bakteria waliokufa na mafuta. Kila maabara ilifanya hivyo, na hakuna aliyeeleza sababu. Janeway akasema lazima tunazaliwa na vipokezi vinavyotambua maumbo ambayo vijidudu wanayo na sisi hatuna, na kwamba bila vipokezi hivyo kuamka, kinga ya kujifunza haipewi ruhusa ya kuanza.

Ushahidi ulitoka kwa nzi wa matunda. Huko Tübingen, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard alikuwa akichunguza jinsi kiinitete cha nzi kinavyojua tumbo liko upande gani. Jeni moja ilimshangaza, nayo ikabaki na jina Toll, neno la Kijerumani la kustaajabu. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann wa Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi waliokosa Toll huota kuvu mwili mzima na kufa. Mwaka uliofuata Janeway na Ruslan Medzhitov wakaeleza kipokezi cha aina hiyo kwa binadamu. Mwaka 1998 Bruce Beutler, akiwa Dallas, alipata panya ambao hawastuki hata wakipewa sumu ya ganda la bakteria. Kasoro yao ilikuwa kwenye Toll namba 4, kile kile nilichomtajia mama wa Kondele.

Nobeli ya mwaka 2011 ilikwenda kwa Beutler, Hoffmann na Ralph Steinman, ambaye alifariki siku tatu kabla ya kutangazwa. Janeway alikuwa amefariki mwaka 2003. Hainikai vizuri kwamba aliyeuliza swali hakuwepo lilipotuzwa.

Binadamu tunavyo vipokezi kumi vya jamii hii. Namba 5 hutambua mkia ambao bakteria huogelea nao. Namba 3, 7, 8 na 9 husoma vinasaba vya virusi na bakteria, na hapa kuna jambo zuri la kulikariri mtihani ukikaribia: vinne hivyo havikai juu ya seli, vimefichwa ndani, kwenye vifuko ambamo seli husagia ilichomeza. Kwa nini? Kwa sababu hata sisi tuna DNA na RNA, na mabaki yake huelea nje ya seli kila siku. Kipokezi kingekaa nje kingetusoma sisi wenyewe kama maadui. Katika lupasi, ugonjwa ambamo kinga huushambulia mwili wake yenyewe, mpaka huo huvunjika, na vipokezi namba 7 na 9 hupata vinasaba vya mwenyewe.

Vijidudu nao wamejifunza kukwepa. Bakteria wa taifodi hujifunika koti la sukari liitwalo Vi, koti linaloficha yale mafuta ya ganda yasiguswe na kipokezi namba 4. Ndiyo maana homa ya taifodi huingia polepole, siku baada ya siku, wakati salmonela wa kuhara kwa kawaida hukuangusha ndani ya siku moja au mbili.

Binamu zangu wa Nakuru wakija kwetu Siaya Desemba, Januari wanarudi na malaria ya kulazwa. Sisi mbu ni walewale na hatuugui hivyo. Ni damu yetu? (Msomaji, Siaya)

Si damu, dada, ni historia ya mwili wako. (Kuna tofauti za damu zinazosaidia, kama kurithi selimundu, kasoro ya chembe nyekundu, kwa mzazi mmoja tu, lakini hizo ni za baadhi ya watu tu.)

Fikiria kinachotokea ndani. Vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu huingia kwenye chembe nyekundu, huzaana, na baada ya saa 48 hivi huzipasua. Kila mpasuko humwaga uchafu kwenye damu: mafuta ya sukari kutoka kwenye ngozi ya kimelea, yanayoamsha Toll namba 2, na hemozoini, vumbi la kahawia ambalo kimelea hulitengeneza kutokana na damu aliyoila. Vumbi hilo hunatwa na DNA ya kimelea, na seli ikilimeza, DNA hiyo hufika hadi kwenye Toll namba 9 kule ndani. Ndipo saitokini hutoka kwa wingi na mtu akaanza kutetemeka chini ya blanketi tatu mchana wa jua. Camillo Golgi, daktari wa Italia, aliona tangu miaka ya 1880 kwamba homa huja pamoja na mipasuko hiyo.

Mwili wa binamu yako wa Nakuru, mji wa juu penye malaria chache, hukutana na uchafu huo kama mgeni na hujibu kwa nguvu zote. Wako umeushuhudia tangu utotoni. Kwanza, una kingamwili zinazopunguza vimelea wenyewe. Pili, na hili wengi hawaambiwi, seli zako za ulinzi zimepunguza sauti. Zikikutana na kimelea yuleyule mara kwa mara, hutoa saitokini za homa kidogo zaidi na zile za kutuliza, kama interleukini-10, kwa wingi zaidi. Ndiyo maana mtu mzima wa Siaya anaweza kupimwa akakutwa na vimelea na asubuhi hiyo ametoka kulima.

Lakini usijivune sana. Utulivu huo hupungua ukihama, na ndiyo sababu mtoto wa Siaya aliyekaa Nairobi miaka kadhaa hurudi nyumbani akaugua kama mgeni. Mama mwenye mimba ya kwanza naye hupoteza sehemu ya kinga hiyo, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo. Na wewe usiyeugua bado unawalisha mbu vimelea ambavyo watawapelekea watoto. Mlale wote ndani ya chandarua, wageni na wenyeji. Binamu akirudi Nakuru na homa, amwambie daktari mapema kwamba alikuwa Siaya. Huko juu malaria inaweza isiwe ya kwanza kufikiriwa, na siku mbili za kuchelewa zinatosha kumlaza.

Je, watoto wa selimundu wana shida na vipokezi hivi? (Mzazi, Busia)

Vipokezi vyao ni vizima. Shida ni kwamba chembe zao nyekundu hupasuka mfululizo na kumwaga hemu, kile kiini chenye madini ya chuma, nayo hemu ikiwa huru huamsha Toll namba 4 kana kwamba ni bakteria. Mishipa huvimba kwa ndani, chembe hunata, maumivu huanza. Kwa hiyo maambukizi madogo kwa mtoto huyo si madogo. Usikose kliniki yake, antibiotiki za kuzuia, dawa ya kuzuia malaria na haidroksiyurea kama ameandikiwa.

Nikila nyama choma na bia Jumamosi, Jumapili alfajiri kidole gumba cha mguu kinawaka hata shuka silitaki. Dawa ya maumivu hunituliza kisha ndani ya miezi inarudi. (Mzee, Section 58, Nakuru)

Mzee wangu, unavyoeleza ni jongo, ingawa ni daktari atakayethibitisha, kwani kiungo chenye usaha nacho huwaka hivyohivyo, na hicho hakingoji. Ukiwa na homa pamoja na kiungo kilichovimba, nenda siku hiyohiyo.

Kwenye jongo hakuna kijidudu hata kimoja. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu, kiasi cha kupita miligramu 6.8 kwa desilita, hushindwa kuyeyuka na kuganda kuwa vijisindano, hasa mahali penye ubaridi kama kidole cha mguu. Seli iitwayo makrofaji huvimeza vijisindano hivyo ikidhani inafagia taka. Ndani ya seli kuna kipokezi kingine, si cha Toll, kiitwacho NLRP3. Kazi yake ni kuhisi kwamba kuna kitu kinaharibika humo ndani. Kikihisi, protini kadhaa hukusanyika kuwa mtambo, inflamasomu, nao hukata interleukini-1, saitokini ya kuwasha inflamesheni, na kuiachilia nje. Hiyo ndiyo moto wako wa alfajiri. Kundi la Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi, lilionyesha jambo hili mwaka 2006, likaona pia kwamba kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, huzuia vijisindano visiuwashe mtambo huo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi shambulio linavyoisha lenyewe kwa wiki moja au mbili, ilhali vijisindano bado vipo. Chembe nyeupe zilizomiminika pale hufa, zikatoa nyuzi za DNA, nyuzi zikasokotana kuwa donge, na donge hilo hunasa na kusaga zile saitokini. Wale wale waliouchochea moto ndio wanaouzima.

Sasa makosa unayoyafanya, nisamehe kwa kusema wazi. Unatibu moto na kuacha kuni. Dawa ya maumivu, au kolkisini, ni ya shambulio. Ya kupunguza asidi yenyewe ni alopurinoli, inayomezwa kila siku kwa muda mrefu, na lengo ni chini ya miligramu 6. Wengi huiacha mara kidole kinapopoa, na hapo vijisindano huanza kujijenga upya kimyakimya. Wengine huogopa kwa sababu miezi ya kwanza ya alopurinoli inaweza kuleta mashambulio, jambo la kawaida ambalo daktari hulizuia kwa kolkisini kidogo. Bia ipunguze kweli kweli, pamoja na soda, maini na figo. Na kabla hujanunua tena tembe za maumivu kwenye kemisti, pima figo na shinikizo la damu, kwa sababu dawa hizo huumiza figo zilizochoka, na figo ndizo zinazotoa asidi hiyo.

Nauza mchanganyiko wa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, naandika kwenye chupa "huongeza kinga". Kuna kosa? (Mfanyabiashara, Kakamega)

Kinywaji ni kizuri, nami hunywa. Maandishi ndiyo yanayonisumbua. Kinga si tangi la kujazwa. Kuna protini iitwayo A20 ambayo kazi yake ni kuvinyamazisha vipokezi hivi baada ya kengele. Panya waliozaliwa bila A20 hufa wangali wadogo, viungo vyao vimejaa inflamesheni. Hao ndio wenye kinga "iliyoongezwa". Upande wa pili, wapo watoto wachache duniani waliozaliwa bila IRAK4, protini inayopokea ujumbe wa vipokezi vya Toll na kuupeleka mbele. Hushambuliwa vibaya na bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo, na mara nyingi hawachemki kama wengine, kwa hiyo mama hana dalili ya kumstua. Andika tu kwamba kinapasha koo na kina ladha safi. Mteja mwenye homa akisoma neno kinga atakunywa chupa tatu badala ya kwenda kupimwa.

Kama inflamesheni huleta jongo, magonjwa ya moyo na lupasi, mbona isitengenezwe dawa moja ya kuizima moja kwa moja? (Muuguzi mstaafu, Bungoma)

Imejaribiwa, dada, na majibu yake yana mafunzo. Eritorani ilitengenezwa kuziba Toll namba 4 kwa wagonjwa wa sepsisi kali, hali ambamo mwili huangushwa na jinsi unavyojibu maambukizi. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013 haikupunguza vifo. Nadhani sababu unaijua kutoka wodini: mgonjwa akifika hali mbaya, kipokezi kimeshapiga kengele saa nyingi zilizopita, na kukiziba wakati huo ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa njiani.

Jaribio jingine, CANTOS, la mwaka 2017, liliwachukua watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wakapewa kingamwili ya kuzuia interleukini-1. Fuwele za kolesteroli ndani ya mishipa nazo huwasha NLRP3, kama vile za jongo. Mashambulio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15 hivi kwa dozi ya kati. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikupungua. Dawa za kuzuia TNF, saitokini nyingine ya inflamesheni, zinazowasaidia sana wenye baridi yabisi, ziliamsha TB iliyokuwa imelala, na kwetu TB ni nyingi. Ndiyo maana hupimwi tu viungo kabla ya kuzianza, hupimwa na kifua pia.

Ninachokiogopa zaidi magharibi hapa ni stiroidi zinazouzwa bila cheti, tembe ndogo za "kuondoa maumivu ya mwili". Hutuliza haraka kwa sababu hunyamazisha kengele zote pamoja. Mtu huzimeza miezi, uso ukajaa, sukari ikapanda, kisha akaziacha ghafla na kuanguka. Wewe ni muuguzi, watu wa mtaani kwako wanakuamini. Ukikuta jirani anazitumia, usimwambie aache leo. Mpeleke kwa daktari apunguziwe polepole.

Nasaga mawe ya dhahabu. Nakohoa mwaka wa pili, TB nimepimwa mara moja haikuonekana. Je, hili nalo ni la vipokezi? (Mchimbaji, Kakamega)

Ndiyo, ndugu yangu, na naomba ulichukulie kwa uzito. Mwamba unaosagwa huwa na silika, madini magumu kama kioo ambayo vumbi lake laini hufika hadi mwisho wa mapafu. Makrofaji huimeza, silika hupasua kile kifuko cha kusagia, na NLRP3 huwaka, kama kwa mzee wa Nakuru. Tofauti ni kwamba asidi ya yuriki inaweza kuyeyushwa, silika haiyeyuki. Seli hufa, huachilia chembe zilezile, seli nyingine inazimeza, nayo inafa. Kengele inalia miaka, hata baada ya mtu kuacha kazi, na mapafu hujaa makovu. Huo ni ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na mapafu yaliyojaa silika huingiwa na TB kwa urahisi, kwa hiyo kipimo kimoja kilichokosa kuona hakitoshi.

Nenda upigwe eksirei ya kifua, na umwambie daktari waziwazi kwamba unasaga mawe na ni kwa miaka mingapi. Asipoambiwa anaweza kukutibu kama mgonjwa wa kikohozi cha kawaida. Rudia kipimo cha makohozi. Kazini, mwaga maji kwenye mawe kabla na wakati wa kusaga, maana vumbi lililolowa haliruki. Kitambaa mdomoni huzuia changarawe tu. Chembe zinazoua hupita katikati ya nyuzi zake bila kikwazo, na kinachofaa ni barakoa ya N95 inayobana uso vizuri. Nguo za kazi usizikung'utie ndani ya nyumba. Na wanawake wanaoponda mawe kando ya shimo, wengine wakiwa na watoto mgongoni, huvuta vumbi hilohilo hata kama hawajawahi kushuka chini. Siku ya kwenda eksirei, nendeni pamoja.